Mateka wa Mtani

Asubuhi ile Bwana Liberatus Haule alipofika Rujewa kuwa meneja wa ghala la mpunga, aliuliza swali moja tu kabla hajakaa kitini: nani hapa ni Mhehe? Wafanyakazi wote wakamwonyesha Tekla Kalinga, taipisti, aliyekuwa akibadilisha utepe wa mashine, vidole vyake vyote vimejaa wino. Meneja akacheka mpaka tumbo likacheza. Akasema yeye ni Mngoni wa Songea, kwamba babu zake na babu za binti huyu walipigana vita miaka nenda miaka rudi, na kwamba kuna mateka mmoja wa Kihehe ambaye hakuwahi kufikishwa Songea.

"Kumbe alijificha huku Rujewa," akasema. "Basi huyu ni wangu."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, na Tekla akacheka nao. Angefanyaje? Utani wa Wangoni na Wahehe hakuuanzisha yeye. Ameukuta, kama alivyoikuta milima ya Iringa. Mtani akikuita mla mbwa, unamwambia babu zake walikimbia wakaacha ngao njiani. Akikunyang'anya kiti, unamnyang'anya kofia. Anayenuna ndiye anayeaibika. Kwa hiyo Tekla akamjibu kwamba Wangoni hawajapata kuteka hata kuku wa Mhehe, na watu wakampigia makofi. Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka sabini na tano. Binti wa watu hakujua kwamba kwa kicheko kile amejifungia mlango na ufunguo kumpa mtu mwingine.

Wiki za kwanza zilikuwa za mchezo kweli. Meneja akipita anauliza kama mateka amekula. Kisha mchezo ukaanza kupata mikono. Akimsomea barua, mkono wake unakuja kutua begani mwa Tekla na kusahau kuondoka. Akija mgeni kutoka ofisi ya mkoa Mbeya, Tekla anatambulishwa kuwa ndiye mke wa vita. Chai ya meneja ikawa haipokelewi isipokuwa kwa mkono wa mateka, ingawa ghala lilikuwa na mhudumu wake wa chai, Mama Verediana, mwanamke wa Kibena aliyefanya kazi hiyo tangu jengo halijapauliwa. Na kila Tekla alipojivuta, alipousogeza mkono wa mtu au kusimama mbali na meza, meneja alipaza sauti kupitia mlango ulio wazi: mateka anataka kutoroka jamani. Huko nje watu wanacheka. Mlango ulikuwa wazi siku zote, niseme haki, maana alihitaji kicheko kile kuliko alivyohitaji faragha.

Sasa, Tekla hakuwa mtu asiyejua mapenzi ya kazini. Alikuwa nayo. Mwaka mmoja na nusu alikuwa mchumba wa Budeba, karani wa mizani, kijana mrefu mpole ambaye baba yake, Mzee Limbu, aliswaga ng'ombe kutoka Usukumani hadi bonde la Usangu na kuweka maskani huko. Lakini mapenzi yao yalikuwa na sheria, na sheria aliiweka Tekla mwenyewe. Alipokuwa akijifunza kazi Iringa alimwona taipisti mwenzake akigeuzwa gumzo la mji kwa sababu ya mhasibu, na mwisho wake unga ukamwagika na mhasibu akapandishwa cheo. Tekla akaapa halitamkuta. Hivyo wakakubaliana: kutoka getini kuingia ndani hakuna Tekla wala Budeba, kuna ndugu wawili wafanyakazi. Kila asubuhi Budeba huleta karatasi za mizani, huziweka pembeni mwa meza, na kusema, "Ndugu Tekla, taarifa yako." Haketi. Hachekicheki. Anageuka anarudi kwenye magunia yake. Mambo yao ni Jumapili baada ya ibada, kwenye ukingo wa mfereji wa mashamba, ambako anaruhusiwa kucheka mpaka meno ya mwisho.

Siri ile waliitunza vizuri mno, na hilo ndilo lililowaponza. Kwa kuwa hakuna aliyejua, Budeba alilazimika kucheka pamoja na wengine kila meneja alipomwita mchumba wake mke wa vita. Tekla alikisikia kicheko chake kati ya vyote. Jumapili moja akamwuliza kwa nini anacheka. Budeba akasema asipocheka watamjua, na akijulikana wanaweza kutenganishwa kabla baba yake hajapeleka ng'ombe Iringa baada ya mavuno. Halafu akaongeza kwamba, isitoshe, utani ni utani tu. Ilimuuma Tekla kwamba mtu anayempenda ameona yale yote na bado akapata neno dogo namna hiyo la kuyafunika.

Akaenda kwa Jailos, mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, akamweleza habari ya mkono begani na habari ya chai. Alieleza kwa staha, macho chini. Jailos alicheka mpaka akatoa leso. Akamwuliza Mhehe gani huyu aliyezaliwa bila kufundishwa utani, akamshauri amrudishie mtani wake maneno makali zaidi, ndivyo inavyotakiwa. Na jioni hiyohiyo akamsimulia meneja kisa chote, kwa nia njema kabisa, kama mtu anavyopeleka kichekesho kwa mwenyewe. Kesho yake meneja alimpokea Tekla mlangoni akiwa ameinua mikono juu, akiomba asipelekwe kwenye kamati. Watu wakashika mbavu.

Baada ya siku hiyo Tekla aliacha kula mchana. Alikuwa akipiga taipu huku ameegemea mbele, mabega ameyakunja, na akisikia viatu vya meneja kwenye sakafu, vidole vinakosea herufi. Aliwaza kuacha kazi, lakini ile mashine ndiyo iliyokuwa ikiwasomesha wadogo zake wawili, na mji ule haukuwa na mashine nyingine. Aliwaza kununa, lakini angeonekana mshamba. Aliwaza kusema yeye ni mchumba wa mtu, lakini angemtaja nani?

Mwezi wa sita bibi yake akafariki, huko kijijini kwao karibu na Ifunda. Meneja akasema mtani hakosi msibani, akatoa Land Rover ya ofisi na kuiendesha mwenyewe. Kamati ikamsifu kwa ubinadamu.

Msibani Bwana Haule alikuwa mtani kwelikweli, wala simnyimi sifa yake. Alichukua jembe akachimba kaburi pamoja na vijana. Alilala juu ya mkeka wa marehemu akidai urithi wake. Aliwaigiza wazee wanavyolia, na wazee waliokuwa wamevimba macho tangu juzi wakacheka kwa mara ya kwanza. Shangazi wakampa nyama ya mfupa mkubwa. Ndipo ikafika saa ya kukamata. Kwa desturi, mtani akiwa msibani huweza kukamata kitu cha wafiwa, sufuria, blanketi, hata jogoo, na akakishikilia mpaka wenyewe wamkomboe. Bwana Haule akazunguka uwanja akichagua kama mtu aliye sokoni, kisha akamshika Tekla mkono na kumvuta katikati ya watu.

"Nimekamata," akasema. "Wenyewe mkomboeni."

Tekla akamtazama mjomba wake Timotheo, aliyekuwa msemaji wa ukoo. Alikuwa ni yeye tu wa kuleta kitu, japo yai, akasema shika hiki utuachie mtoto wetu. Lakini mjomba alikuwa amechoka kwa kilio, na mgeni huyu alikuwa amempa raha, akataka kumlipa raha kwa raha. Akasema ukoo hauna kitu, msiba umekula vyote, mtani aende naye tu. Wanawake wakapiga vigelegele. Tekla alisimama katikati ya watu wake wote, watu waliomlea, akiwa ameshikwa kifundo cha mkono, na hakuona hata uso mmoja usiocheka.

Walirudi kesho yake, wawili, baada ya chai ya asubuhi. Mpaka Mafinga meneja alipiga mluzi tu. Baada ya hapo akaanza kuzungumza kwa sauti ambayo Tekla hakuwahi kuisikia, sauti ya chini, ya mtu mwenye hoja. Akasema mke wake yuko Songea na atabaki Songea. Akasema nyumba ya meneja ina vyumba vitatu na yeye ni mmoja. Tekla akajaribu kumrudisha kwenye utani, akamwambia Mngoni hana adabu, msiba haujapoa. Meneja hakucheka.

"Wazee wako wamenipa," akasema. "Mbele ya watu wote. Au hukuwepo?"

Walipofika Nyololo meneja akakata kona, akaegesha mbele ya nyumba ya wageni iliyopakwa chokaa, kando ya barabara kuu. Akasema wapumzike kidogo. Saa ilikuwa haijatimia sita mchana, jua linawaka, na hakuna aliyechoka. Tekla akafungua mlango, akashuka na kitambaa chake cha msiba kichwani, akavuka barabara na kwenda kukaa chini katikati ya wanawake waliokuwa wakiuza viazi. Akawaamkia, "Kamwene," wakamwitikia. Hawakumwuliza kitu. Mmoja alisogeza kikapu chake, akampa nafasi.

Meneja alipiga honi. Akapiga tena. Akashuka, akasimama upande wa pili wa barabara, akacheka na kutikisa kichwa, akimwonyesha kila aliyepita kwamba ni utani wa kawaida huu. Lakini wauza viazi walikuwa hawamjui na hawakumchekea. Alikaa ndani ya gari lile karibu saa nzima, kisha akawasha na kuondoka. Tekla akabaki na vumbi na wale wanawake. Alilala kwa mmoja wao, akapanda basi asubuhi, akashukia Igawa na kumalizia njia kwenye lori la pumba.

Alipoingia ofisini, habari ilikuwa imeshamtangulia. Meneja alikuwa amewaambia kwamba mateka ametoroka njiani, na kwamba safari hii atamfunga kamba. Watu walikuwa wakimsubiri Tekla ili wacheke naye. Pole za msiba zilikuja baadaye.

Alikwenda nyuma kwenye banda la chai, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa mara ya kwanza tangu bibi yake afe. Mama Verediana aliendelea kuosha vikombe. Alikuwa ameona mengi kutoka kwenye banda lile, ya begani na ya mizani pia, na hakuwa mtu wa kusema ovyo. Tekla akamweleza yote, uwanja wa msiba, mjomba, Nyololo. Alipomaliza, mama yule akafuta mikono.

"Mwanangu, kitu cha kukamatwa msibani si kinakombolewa?"

Tekla akasema ndiyo, lakini wajomba walikataa.

"Wajomba walikataa," Mama Verediana akakubali. "Na wewe huna mikono?"

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya mkutano wa wafanyakazi, saa nne, ndani ya ghala, watu wamekaa juu ya magunia. Meneja mezani mbele, Jailos kulia kwake, na Tekla kushoto kuandika muhtasari. Ilipofika mengineyo, Tekla akaweka kalamu chini, akatoka, akarudi ameshika kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu. Akamweka mezani juu ya makaratasi ya meneja. Vicheko vikaanza palepale, maana watu walijua mchezo mtamu unakuja.

Maneno alikuwa ameyafanyia mazoezi.

"Mtani," akasema, "ulinikamata kwenye msiba wa bibi yangu. Ulikamata kwa haki yako na sikukuuliza. Leo najikomboa kwa haki yangu. Kuku huyu hapa. Ukimpokea, umeniachia. Usiniite mateka tena, usiniite mke, na mkono wako usinifikie. Hayo ni ya utani, na utani una mwisho wake."

Walicheka tena, ila kicheko kilikuwa na mashimo. Mzee mmoja wa Kisangu, mpakia magunia, akasema kwa sauti kwamba hiyo ndiyo desturi, kilichokombolewa kimekombolewa. Wengine wakaitikia. Meneja akatazama kuku, akatazama watu wake, na nadhani pale ndipo alipojua kwamba ule ukuta wa vicheko aliojijengea, leo umemzingira yeye. Lakini hakuwa mjinga. Akatabasamu, akasema mateka hajikomboi kimyakimya, lazima awe na mtu wa upande wake wa kushuhudia, na ukoo wake hauko hapa. Nani anasimama?

Tekla hakuwa amelifikiria hilo. Akaanza kumtafuta Mama Verediana mlangoni. Nyuma kabisa, karibu na mizani, mtu akasimama.

"Mimi, Ndugu Meneja," Budeba akasema. "Baba yangu anapeleka ng'ombe Iringa baada ya mavuno. Kwa ajili yake."

Ghalani kuku akasikika akikwaruza karatasi. Budeba alibaki amesimama, masikio yamemwiva, mikono hajui aiweke wapi. Tekla alimpenda siku ile kuliko Jumapili zote za mfereji, na papo hapo akaogopa, maana sasa kila kitu kilikuwa mezani. Bwana Haule akamchukua kuku, akamwinua juu watu wamwone, akasema amepokea. Makofi yakapigwa. Jailos alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Jumatatu meneja alimwita Tekla ofisini. Akamwita Ndugu Tekla, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Kisha akainuka akafunga mlango. Tekla akasimama karibu na kitasa na daftari lake.

Mkono haukumgusa. Meneja alikaa mbali, akiwa na waraka wa shirika mbele yake, akamsomea polepole. Wachumba na wanandoa hawaruhusiwi kufanya kazi katika kituo kimoja. Mapenzi kazini huharibu nidhamu na kuleta upendeleo. Alisoma kwa sauti ya huzuni, kama kwamba waraka ule umemkuta ghafla na hana la kufanya. Halafu akamtaka aandike barua. Uhamisho, kituo cha Makongolosi, kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao. Tekla akaandika kwa hatimkato mpaka akafika panapotakiwa jina, akangoja.

"Jina utalijaza wewe," meneja akasema. "Mmoja wenu. Chagua. Au tuichane hii barua, sote turudi kwenye utani wetu wa zamani. Nilikuwa sijachoka."

Tekla akarudi kwenye mashine yake. Akaweka karatasi na kaboni, akapiga anwani, akapiga kumbukumbu namba, akapiga neno Yah na kulipigia mstari. Kisha vidole vikasimama. Makongolosi ilikuwa mbali huko Chunya, mji wa dhahabu iliyokwisha, na ghala lake lilikuwa chumba kimoja cha kugawia mchele. Akimwandika Budeba, atabaki yeye na mlango ule, na sasa unafungwa. Akijiandika, mashine itabaki hapa na yeye atakwenda kuhesabu magunia, na wadogo zake wataandikiwa barua ya kuwaambia wavumilie. Asipoandika mtu, kesho asubuhi viatu vitakuja nyuma ya kiti chake. Aligeuza kila upande na hakuona upande uliokuwa wake. Kuku amelipwa, desturi imetimia, wote wamepiga makofi, na bado ni yeye anayepiga taipu.

Akaandika TEKLA KALINGA, kwa herufi kubwa, bila kukosea hata moja.

Meneja alipoiona barua aliisoma mara mbili. Labda alitegemea machozi, au alitegemea karatasi tupu. Akaondoa kofia ya kalamu.

"Makongolosi hakuna mashine ya taipu," akasema.

"Na mtani hakuna," Tekla akajibu.

Akatia sahihi. Tekla akagonga muhuri, akaweka nakala ya kwanza kwenye faili, ya pili kwenye bahasha ya Mbeya. Ya tatu akatoka nayo nje, akapita uani mbele ya watu, akafika kwenye mizani ambako Budeba alikuwa akipima gunia na kupiga kelele za namba kwa wapakiaji. Akaiweka pembeni mwa meza yake. Hakuketi.

"Ndugu Budeba," akasema, "taarifa yako."